Matanga ya Aliye Hai Kikazi

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, redio ya ukutani ilikohoa kama mtu anayebisha hodi, na Bi Nyamizi akaiweka sawa kanga yake kabla sauti haijatoka. Ndivyo alivyofanya kila Ijumaa. Mama hampokei mwanawe akiwa amevaa ovyoovyo, hata kama mwana mwenyewe anatokea ukutani.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Idrisa.

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Ila chai ya huku, mama, sukari tunaonyeshwa kwa mbali tu, kama mwezi wa Idi."

Bi Nyamizi akacheka mpaka akashika mbavu. Mkwewe Sikudhani, aliyekuwa akichambua karanga kizingitini, hakucheka. Mzaha ule wa chai aliusikia zamani, Idrisa alipokuwa kuruta, na siku hiyo alicheka kuliko mtu yeyote nyumbani. Hakuwa na ugomvi na mzaha. Ugomvi wake ulikuwa na mdomo uliousema.

Idrisa alikuwa amekufa tangu kipupwe. Sikudhani alijua, kwa sababu koplo aliyemzika kule mpakani alikuja akichechemea mpaka jikoni kwake, akamweleza yote, akalia, akala ugali, kisha akamwomba kwa jina la Mungu asimtaje popote, maana kiapo cha jeshi kilikuwa kimemfunga mdomo. Sikudhani alikuwa mtu wa kutunza maneno. Alimwambia mama mkwe peke yake, naye Bi Nyamizi akamjibu kwamba aliyekufa hasalimii watu.

"Baba Zena," Sikudhani akaiita redio bila kuinua macho kwenye karanga, "lile deni la mizinga?"

"Tutalipa, mke wangu. Mungu si Athumani."

Kila Ijumaa aliuliza, na kila Ijumaa jibu lilikuwa hilo hilo, na hakuna kilicholipwa. Idrisa alikopa mizinga ya nyuki kwenye chama cha warina asali cha Isenga, akaenda jeshini ili alipe, akafia huko. Sikudhani alisoma darasa la saba tu, lakini chuo cha Qurani alisoma mpaka akahitimu, na alijua kwamba roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Huko alikokuwa mumewe, alikuwa ametundikwa. Na hapa ukutani mtu mwingine alikuwa akisema kwa kinywa chake kwamba Mungu si Athumani.

*

Ofisi ya mafao ya jeshi la Shirikisho ilikuwa nyumba nyeupe isiyo na madirisha, nayo ilikuwa na baridi kama kisima. Aliyempokea Sikudhani ni Kapteni Chibago, mwanamume mnene mwenye macho ya mtu anayezuia kicheko. Akamwita mama, akamvutia kiti, akamwambia kwamba Sajini Idrisa alikuwa chini yake kikosini, na kwamba hakupata kuona askari mwenye mkono mwepesi kama ule katika kutegua mabomu ya ardhini.

Sikudhani akasema amekuja kudai fidia ya mume aliyefia kazini.

Kapteni akamweleza, polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo kwa wanawake wengi. Kila askari huvaa kofia. Ile kofia haimkingi tu na risasi, inamsikiliza. Inajifunza anavyosema, anavyokasirika, anavyoamua pa kukanyaga na pa kuruka. Mwaka baada ya mwaka inamjua kuliko anavyojijua. Akianguka, kofia hurudishwa kambini, na kilichomo, wanachokiita mwangwi, hutiwa ndani ya punda wa chuma, lile dude la miguu sita linalotangulia mbele ya kikosi kunusa mabomu. Mwangwi unafanya kazi ya askari, kwa jina la askari, kwa akili ya askari, na kila Ijumaa huwasalimia wa nyumbani kwa redio. Kwa hiyo kanuni inasema askari huyo ni Hai Kikazi. Familia inapata nusu ya mshahara mpaka punda achakae.

"Na akichakaa?"

Kapteni akatazama mezani. "Faili linafungwa."

"Kwa fidia?"

"Fidia ni ya aliyekufa, mama. Huyu anakuwa amestaafu."

Sikudhani akauliza kama sheria imeacha tundu lolote, hata la sindano. Kapteni, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamsomea kifungu chenyewe: kifo cha askari hutambuliwa na jeshi peke yake, kwa neno au kwa tendo la afisa wake mbele ya watu. Likitokea hilo, Baraza la Mafao husikiliza. Halijatokea bado. Akamwonya pia kwamba matanga ya askari aliye Hai Kikazi yamekatazwa. Familia ikiyaweka, afisa wa eneo huja kuyasimamisha, tena huja na punda mwenyewe ili watu waone kwa macho yao.

"Afisa wa eneo ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwenu wapi, Kapteni?"

"Mvumi."

"Mgogo."

"Wa kuzaliwa na wa kufa."

Sikudhani akasema "Aa," akainuka, akachukua kikapu chake cha karanga. Alipofika mlangoni Kapteni akashindwa kujizuia. Akauliza kama amsaidie kubeba, au Mnyamwezi akipokewa mzigo huumwa. Halafu akakumbuka kwamba kuta za ofisi ile zina masikio, akakohoa, akarudisha uso wa serikali.

Lakini Sikudhani alikuwa amekwisha kuona. Njia nzima alikwenda akitikisa kichwa, na tabasamu likiwa limejificha ndani ya ushungi.

*

Vita vya kwanza vilikuwa vya nyumbani. Alipomweleza Bi Nyamizi kwamba anataka kuweka matanga, mama mkwe aliweka chini kikombe chake cha uji.

"Wakikubali kwamba amekufa, hiyo redio itakuwaje?"

Sikudhani hakumdanganya. Fidia ikilipwa, mwangwi huzimwa. Ndiyo kanuni.

"Basi unataka kuniulia mwanangu mara ya pili," akasema Bi Nyamizi, "na safari hii ulipwe."

Maneno yale yalimwingia Sikudhani kama mwiba wa mgunga. Mtaani nako hawakumwacha. Walisema mjane asiye na kaburi ana haraka ya nini, labda kuna mwanamume anasubiri. Walisema mwenzao Mama Shija, mumewe naye ni punda, ametulia na nusu mshahara wake, mbona yeye hatulii. Sheikh wa mtaa hakumlaumu, ila alimwambia wazi kwamba mume wake kwa sasa ni kama aliyepotea. Mke haolewi, haachiki, mirathi haigawiwi, na eda haianzi mpaka mwenye mamlaka atamke kifo.

Yaliyomsumbua hasa hayakuwa ya watu. Alijiuliza, na aliuliza kwa haki, juu ya msala wake wa kuswalia: je, kama kile kitu ukutani kina roho? Asije akamtoa mumewe kwenye deni la mizinga kwa kujitia yeye mwenyewe kwenye deni la damu.

Ijumaa iliyofuata alisubiri mama mkwe atoke kwenda kutia udhu, akaisogelea redio.

"Nataka nikuulize, na usinijibu kama mume."

"Uliza."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Idrisa. Nikiulizwa, hilo ndilo jibu. Sina jingine la kukupa, nimefungwa hapo."

"Unaogopa kuzimwa?"

Redio ikanyamaza. Sikudhani hakupata kuisikia ikinyamaza kabla ya hapo. Idrisa alikuwa mtu wa jibu la haraka.

"Idrisa alikuwa mwoga wa giza," sauti ikasema mwishowe. "Nina kila alichokuwa nacho. Sasa sijui kama woga huu ni wangu au ni wake nimeukuta humu. Ila kazi naipenda. Juzi nilipita shamba la mtama kule mpakani, watoto wakawa nyuma yangu wanakanyaga nilipokanyaga. Hilo nalipenda, na nadhani hilo ni langu, maana yeye hakuwahi kulipita lile shamba."

Sikudhani akashika ukuta. Hakulia. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyepewa salamu azifikishe, na moyoni akaweka nadhiri kwamba akishinda, hatashinda kwa kumtupa yeyote.

*

Matanga yakawekwa. Mikeka ikatandikwa uani, masufuria yakapanda mafigani, na shangazi yake Idrisa, Bi Kalunde, akaletwa kutoka shamba pamoja na kuku wake na ulimi wake. Bi Nyamizi alikaa ndani karibu na redio, amegeuzia watu mgongo. Alisema hawezi kumkalia matanga mtu aliyemsalimia Ijumaa.

Walipokuwa wakisoma khitma, ardhi ikaanza kudunda. Punda wa chuma akaingia uani, mrefu kuliko ng'ombe, miguu sita ikinyanyuka na kushuka bila kugusa hata ukingo wa mkeka. Ubavuni ameandikwa SAJINI IDRISA KAPAYA. Nyuma yake akatembea Kapteni Chibago amevaa gwanda la sherehe.

"Asalaam alaykum," akasema punda kwa sauti ya Idrisa, akaanza kusalimia watu kwa majina, ami kwa ami, jirani kwa jirani. Watoto wakakimbilia chooni. Mama Shija akazirai. Ami mkubwa, Mzee Maganga, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, akasahau alipofikia katika dua. Bi Nyamizi akatoka mbio miguu mitupu, akasema mnaona, mnaona, huyo hapo.

Kapteni akasimama katikati, akatangaza kwamba kwa mujibu wa kanuni shughuli hii haina msingi, askari yupo Hai Kikazi, watu watawanyike.

Watu wakaanza kukunja mikeka. Sikudhani, kutoka upande wa wanawake, akamgusa Bi Kalunde goti.

Bi Kalunde alikuwa akingoja hilo tu. "Nyie Wagogo," akapaza sauti, "mmeanza lini kuja msibani na punda? Zamani mlikuja na kibuyu cha kuombaomba."

Kicheko kidogo kikapita mikekani. Kapteni akatazama mbele kama askari anayekaguliwa. Akasema yuko kazini.

"Kazini! Babu zako walikalia visima wakawatoza babu zetu hongo ya maji. Leo mjukuu wao kapanda cheo, anatutoza hongo ya maiti."

Kona ya mdomo wa Kapteni ikacheza. Kila aliyekuwa pale alijua jambo ambalo hakuna kanuni ya jeshi iliyoliandika: Mgogo akiingia msibani kwa Wanyamwezi ana kazi yake, nayo ni ya zamani kuliko jeshi. Waliofiwa hulia, mtani huwachekesha. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, hulala mlangoni akadai kuku, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani anayekaa kimya msibani ni sawa na jirani aliyeona nyumba inaungua akapita.

"Babu zenu walikunywa yale maji," akasema Kapteni, na sauti ya ofisini ikawa imemtoka, "wakaondoka na mizigo ya watu vichwani bila kuuliza imebeba nini. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Mnapewa mpaka leo, na leo mnaupigia kelele."

Uani pakalipuka kicheko. Bi Kalunde hakumpa nafasi ya kupumua. Akamrushia koti kuukuu la Idrisa na ile kofia yake ya wavu ya kurinia asali. Kapteni aliyadaka. Akayatazama kitambo. Kisha, Mungu anajua alikuwa akiwaza nini, akavua kofia ya jeshi, akavaa ya nyuki.

Akaanza kutembea ameinamia upande wa kushoto, kama Idrisa alivyotembea tangu alipoanguka kwenye mninga akifuata mzinga. Akapiga kidole kabla ya kusema uongo, kama Idrisa. Akawapanga vijana mstari akawaambia kuruta, sukari hii ni ya kutazama, atakayeionja atalala lindo. Wazee wakacheka wakishikana mabega. Akajilaza kizingitini, akasema hatoki mpaka kuku, tena jogoo, kwa sababu amefia ugenini na amefika na njaa. Kuku akaletwa, akamkumbatia.

Halafu akaendelea, na hapo sauti yake ikabadilika kidogo. Akaigeuza ile kofia kisogoni, akainua mkono kama anayenyamazisha kikosi.

"Tulieni," akasema kama Idrisa. "Magharibi inaingia. Saa hizi mama yangu yupo juu ya msala ananitaja. Mkipiga kelele, nyie hampotezi kitu, lakini mimi nitakosa kumsikia."

Hilo hakuna aliyelijua nyumbani. Idrisa hakuwahi kumwambia mama yake. Mwanamume hamwambii mama yake mambo hayo. Mwangwi nao haukumwambia, maana ulijifunza kusema na mama vile Idrisa alivyosema naye, salamu, chakula na chai. Ile ilikuwa habari mpya ya mtu ambaye hatatoa habari mpya tena, na ilitoka kwa mtu aliyekuwa pembeni yake.

Bi Nyamizi alitoa sauti ambayo Sikudhani hakuwahi kuisikia. Ilianza kama kicheko, ikapinda. Akakaa chini palepale vumbini, akalia kilio chote alichokuwa amekiweka tangu kipupwe, na wanawake wakamzunguka.

"Mama, usilie," akasema punda. "Mimi hapa."

Bi Nyamizi akainuka, akamwendea, akaweka kiganja juu ya chuma kilichopata joto la jua.

"Baba, salamu umenipa nyingi, Mungu akulipe," akasema. "Kilio hukunipa. Huyu Mgogo kanipa." Akamgeukia Mzee Maganga. "Shemeji, soma dua. Mwanangu amekufa."

Dua ikasomwa. Mzee Maganga akauliza, kama inavyoulizwa, ni nani anamdai marehemu, na mwenyekiti wa warina asali akasimama akalitaja deni la mizinga mbele ya watu. Kapteni Chibago alisimama na koti la mtu mwingine mwilini na kuku kwapani. Alikuwa amekielewa kile kifungu alichokisoma kwa mdomo wake mwenyewe: kwa neno au kwa tendo la afisa wake, mbele ya watu.

Sikudhani alimpelekea sahani ya wali kwa mikono miwili.

"Kapteni, nilikujua tangu ile siku ya ofisini," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nimekutegea, na sitaapa kwamba sikukutegea. Una cheo na una watoto. Ukiulizwa ukasema ulikuwa unacheza tu, sitakulaani. Mtani hashtakiwi."

Kapteni aliutazama ule wali muda mrefu. Kisha akala, akaumaliza, akaondoka na kuku wake bila kuaga, na punda akamfuata.

*

Siku ya Baraza, uwanja ulijaa wanawake. Hakuna aliyewaita. Walitoka wilaya za mbali, kila mmoja na picha ya mtu wake kifuani, na kila mmoja nyumbani kwake redio ilikuwa ikikohoa Ijumaa. Mama Shija alikuwa mbele kabisa.

Wakili wa jeshi alisema vizuri. Alisema Shirikisho haliwezi kuendeshwa kwa michezo ya makabila. Alisema mwangwi unapumua kwa namna yake, unafikiri, unatii amri, na kwamba wajane hawa wanataka kuzima akili zinazookoa maisha ili wapate fedha. Wapo walioitikia kwa kichwa kumkubali. Mwisho akasema Kapteni Chibago ataeleza mwenyewe kwamba yalikuwa masihara.

Kapteni akasimama. Sikudhani aliinamisha kichwa, akasoma Ayat al-Kursi kimoyomoyo.

Mwenyekiti wa Baraza, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akamuuliza kama ni kweli alivaa nguo za Sajini Idrisa na kumwigiza.

"Kweli, mheshimiwa."

"Ulikuwa unacheza?"

"Nilikuwa natania. Si kitu kimoja. Mheshimiwa, mtani haigizi mtu aliye hai msibani kwake. Huo ni uchuro, na Mgogo yeyote anaujua. Ningekuwa naamini kwamba Idrisa yu hai, mikono yangu isingeligusa lile koti. Nililivaa kwa sababu nilikuwepo alipoanguka. Nilimfumba macho mimi."

Wakili akasimama kupinga. Mwenyekiti akamwomba akae.

Akamwita Sikudhani, akamuuliza swali alilokuwa akilingoja tangu ile Ijumaa alipoisogelea redio: je, yuko tayari mwangwi uzimwe?

"Hapana, mheshimiwa."

Uwanja ukavuma. Wakili akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sikuja hapa kuzima kitu," Sikudhani akasema. "Mume wangu amekufa, na kila nafsi itaonja mauti. Alichoacha ni tirika yake, mali ya kurithiwa, kama koti lake na mizinga yake. Mwenye kufa hurithiwa, hatumikishwi. Kile kitu kinapenda kusafisha mashamba ya watu. Kiachwe kikasafishe, mimi mrithi nimekiruhusu. Ila wasikiite Idrisa. Na wasikitume kunisalimia."

Hukumu haikuwa ndefu. Afisa wa jeshi, mbele ya watu, kwa tendo na sasa kwa neno, ametambua kifo. Sajini Idrisa Kapaya alifia kazini na fidia yake ilipwe yote. Mwangwi ni mali ya warithi. Jeshi likiutaka, liombe, na lisiutumie kwa jina la marehemu. Na kwa kuwa kanuni ya Hai Kikazi imesimama juu ya jambo ambalo Mungu na desturi havilijui, Baraza linaifuta kwa kila askari aliyeanguka, tangu wa kwanza.

Vigelegele vilianzia kwa Mama Shija. Vikapita kwenye geti, vikashuka barabarani, na waliokuwa sokoni wakadhani ni harusi. Wanawake walikuwa wakilia na kupiga vigelegele kwa pumzi moja, maana kila mmoja siku ile alifiwa na kila mmoja alishinda. Sikudhani alisujudu palepale kwenye sakafu ya Baraza, na mlinzi aliyepaswa kumwinua akavua kofia.

Jua lile lile lilipotua akavaa nyeupe. Eda yake ilikuwa imeanza.

*

Fidia iliposhuka, Kapteni Chibago aliileta mwenyewe hati ya malipo. Walikuwa wamempunguza cheo kimoja, naye alisema bega limepata nafuu. Hakuingia ndani kwa heshima ya eda. Alisimama nje ya ua akapaza sauti.

"Wapagazi! Mzigo wenu huu hapa."

"Uweke chini, Mgogo," akajibu Bi Nyamizi kutoka ndani. "Hongo ya maji mmeirudisha. Bado ya kuku."

Deni la mizinga lililipwa kabla ya kitu kingine chochote, mbele ya mashahidi, na Mzee Maganga akashikana mkono na mwenyekiti wa warina asali. Kilichobaki kikagawiwa kwa mafungu ya Qurani: mama, mke, binti na ami. Mpakani yule punda wa miguu sita alifutwa maandishi ubavuni. Jeshi lilipoomba jina jipya la kumwandika, Bi Nyamizi aliulizwa, na hakufikiri sana.

"Mwandikeni Mtani," akasema. "Ndiyo kazi aliyokuwa akinifanyia."

Ijumaa ikafika. Baada ya sala ya alasiri Bi Nyamizi aliiweka sawa kanga yake, kwa mazoea, akautazama ukuta. Redio haikukohoa. Sikudhani akaacha karanga zake, akaja akakaa karibu naye kwenye mkeka, bega kwa bega.

Bi Nyamizi akainua mikono miwili. Tangu kipupwe alikuwa hajamsomea mwanawe Fatiha, kwa kuwa mtu hamsomei anayemjibu kwamba amekula. Sasa akaianza, kwa sauti kubwa, kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya pori, aya kwa aya, bila kukosea. Alipofika mwisho alingoja.

"Amin," akasema Sikudhani.